Siku Ng'amba Alipotumbukia Bwawani

Kisiwani walibaki watu wawili tu, na hao wawili walikuwa hawasemezani.

Mmoja alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mtunza viota vya kasa wa hoteli ya kisiwani hapo. Wenzake walimwita Mama Kasa. Mwanzoni jina lilimchoma, maana mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, naye hakujaliwa mtoto. Mumewe alivumilia miaka saba, wa nane akaoa mwingine. Aliyempa jina hilo alikuwa mpishi mmoja mcheshi, na alipoona amenuna alimwambia, "Dada yangu, mimi nina watoto wanne na hakuna hata mmoja anayenisikiliza. Wa kwako kila mwaka ni maelfu, na wote wanakwenda baharini bila kusukumwa." Alicheka bila kupenda, na jina likakaa.

Wa pili alikuwa fundi wa jenereta, pampu na taa, mwanamume wa miaka hamsini na minane, mwenye goti bovu na mdomo mzito. Yeye aliitwa Fundi na kila mtu, kuanzia meneja hadi wageni.

Tufani ilikuwa imevunja gati. Wageni walihamishwa, wafanyakazi wakapewa likizo mpaka gati litakapojengwa upya, jambo la miezi miwili au zaidi. Fundi aliachwa kwa sababu mitambo haiwezi kulala muda wote huo bila kuharibika. Mama Kasa aliachwa kwa sababu ulikuwa msimu wa kutaga. Meneja, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya boti ya mwisho, aliwatazama wote wawili akasema kwa utani, "Haya, msije mkaoana."

Hakuna aliyecheka.

Ugomvi wao ulikuwa umetimiza mwaka. Msimu uliopita, asubuhi moja, Mama Kasa alipita nyuma ya baa mpya ya ufukweni akakuta vitoto vya kasa mia moja na kumi na viwili ndani ya mfereji wa maji machafu. Vilikuwa vimekauka, na siafu wameshavipangia foleni. Kitoto cha kasa kikitoka mchangani hufuata mwanga, kwa kuwa usiku bahari ndiyo yenye kung'aa. Usiku ule taa za baa ziling'aa kuliko bahari. Aliviokota kimoja kimoja akavitia kwenye ndoo, na wageni wawili wakasimama wakimpiga picha. Picha zile zilifika mbali. Siku hiyohiyo aliandika kwenye taarifa yake: "Fundi hakuzima taa."

Maneno matatu. Fundi, aliyekuwa mkuu wa ufundi na watu wanne chini yake, alishushwa cheo, akawekwa chini ya kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi. Tangu hapo hakumjibu Mama Kasa neno. Naye Mama Kasa, ambaye kila asubuhi alikuwa akimpa shikamoo yake, aliacha. Kwa watu wanaofanya kazi pamoja, shikamoo ikikatika, kilichobaki ni kupishana kama wasiojuana.

Sasa walikuwa peke yao, na mambo mengine hayawezi kufanyika bila mawasiliano. Jikoni kulikuwa na ubao mweusi ambao mpishi aliandikia vyakula vya siku. Fundi alianza kuuandikia chaki: "Maji yatakatika saa nne hadi saa sita." Mama Kasa akaandika chini yake: "Sawa." Wiki ya pili akaandika yeye: "Taa ya stoo imeungua." Kesho yake taa ilikuwa imebadilishwa, na ubaoni pameandikwa: "Tayari." Walikula kwa zamu bila kupangiana zamu. Akisikia sufuria zinagongana, Mama Kasa alizunguka bustanini mpaka zinyamaze.

Kila alfajiri alitembea ufukweni akisoma mchanga. Alijua alama za kasa aliyepanda akataga, na za yule aliyepanda akabadili nia. Kila kiota kipya alikichomekea vijiti vinne, akaandika tarehe. Baada ya hapo siku ilibaki ndefu. Aliingia vyumba vya wageni kufungua madirisha, hewa ipite. Magodoro yalikuwa yamesimamishwa ukutani, mashuka yamefungwa kwenye mifuko, na kila chumba kilikuwa na harufu ileile ya sabuni na unyevu. Chumbani kwake mwenyewe kulikuwa na vitanda viwili. Mwenzake, mhudumu wa vyumba mwenye maneno mengi, alikuwa likizo. Mama Kasa alitandaza nguo zake juu ya kitanda kile cha pili ili kisionekane kitupu.

Siku moja aliona pomboo wakipita karibu na mwamba, kundi zima, wengine wadogo ubavuni mwa mama zao. Aliinua mkono kuwaonyesha, kama alivyozoea kuwaonyesha wageni, na mdomo ukafunguka kabisa kusema, "Pale, tazameni." Akakumbuka kwamba hakuna wa kutazama. Aliushusha mkono, akautia mfukoni.

Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, kilimani kwenye tangi la maji. Jumapili alipanda akampigia kaka yake, simu ikapokelewa na mke wa kaka.

"Wifi! Unafaidi wewe, pepo nzima peke yako!"

"Nafaidi," alijibu.

"Sisi huku kelele tupu. Haya wifi, mboga inaungua, tutaongea."

Siku ya ishirini na tatu, kwenye saa tano asubuhi, aliona alama mpya za kupanda. Ng'amba, tofauti na kasa wengine, hupenda kutaga mchana. Mama Kasa alizifuata kwa macho kupita vichaka hadi kwenye majengo ya hoteli, akatafuta za kushuka. Hazikuwepo.

Ndipo aliposikia mkwaruzo. Ulitoka bwawani. Bwawa la kuogelea lilikuwa limekaushwa baada ya tufani, na uzio wa mbao uliolikinga upande wa bahari ulikuwa umechukuliwa na mawimbi. Alichungulia. Chini kabisa, upande wa kina kirefu, ng'amba mzima alikuwa akipiga mapezi juu ya vigae, hapandi wala hageuki. Jua lilikuwa limewiva. Vigae vilikuwa vya moto kiasi cha kuchoma nyayo.

Alishuka kwa ngazi ya chuma. Alimsukuma kwa nyuma, akasogea shubiri moja, akateleza kurudi. Alifunga kamba, akavuta mpaka viganja vikachubuka. Alikimbia kuleta shuka, akalilowesha, akamfunika kichwa na gamba. Alijaribu tena kusukuma, safari hii kwa mgongo. Zilipita dakika ishirini akijaribu kila kitu isipokuwa kile kimoja alichokijua tangu mwanzo.

Hatimaye alipanda ngazi, akaenda karakana.

Fundi alikuwa ameinamia pampu, spana mkononi. Alimwona, akarudisha macho kwenye pampu.

"Fundi, shikamoo," alisema Mama Kasa akihema.

Spana ilisimama.

"Marahaba."

"Ng'amba ametumbukia bwawani. Siwezi peke yangu. Jua litamuua."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, hata Mama Kasa akataka kumpigia kelele.

"Ana uzito gani?"

"Kilo sabini. Labda zaidi."

"Nenda kamwagie maji. Nakuja na mlango."

Mama Kasa alidhani amesikia vibaya, lakini kweli alikuja na mlango, mlango wa stoo ameung'oa na bawaba zake, anauburuta kwa kamba huku akichechemea. Aliuteremsha bwawani, akashuka nyuma yake akilaani goti. Alimwangalia ng'amba, akaangalia sakafu inavyopanda taratibu kuelekea upande wa kina kifupi, akaangalia vidato vinne vya mwisho.

"Tunamlaza juu ya mlango, tunaburuta hadi vidatoni. Pale mlango unakuwa daraja. Nishike wapi?"

"Ukingo wa gamba. Usimshike mapezi, yatateguka. Na vidole vyako viweke mbali na mdomo wake, huyo hang'ati kwa mzaha."

Walihesabu moja, mbili, tatu, wakainua. Ng'amba alipiga pezi, likamkuta Fundi kwenye paja, akatoa tusi la kizamani ambalo Mama Kasa alikuwa hajalisikia tangu babu yake afariki. Walimburuta hatua kwa hatua, wakipumzika, wakimwagia maji. Kibati cha namba kwenye pezi la mbele kilimetameta juani.

"Namfahamu huyu," alisema Mama Kasa. "Kibati hicho nilimvika mimi. Miaka tisa sasa."

"Naye anakufahamu?"

"Hata kidogo."

"Basi kama ndugu zangu."

Mama Kasa aliangua kicheko kilichomshangaza mwenyewe, mlango ukamponyoka, nusura ng'amba ateleze chini. Vidatoni waliukaza kwa kamba, Fundi akavuta kutoka juu, yeye akasukuma kutoka chini kwa bega. Mara mbili ng'amba aliteleza. Mara ya tatu alifika juu. Walimwelekeza baharini, wakamwacha. Alikaa kama jiwe, kisha akajikokota, akapita mchangani, akaingia majini na kupotea.

"Hakutaga," alisema Fundi.

"Atarudi. Kesho, keshokutwa. Mayai hayasubiri."

Walikaa ukingoni mwa bwawa, miguu inaning'inia. Fundi alikunja suruali akachunguza paja. Lilikuwa limeanza kuvimba.

"Nikuulize kitu?" alisema Mama Kasa.

"Uliza. Mwaka mzima nimesubiri uulize."

Mama Kasa alielewa hapohapo kwamba swali lile hakuwahi kuliuliza.

"Zile taa. Kwa nini hukuzizima?"

Fundi aliongea akitazama vigae. Usiku ule kulikuwa na wageni wanaosherehekea ndoa. Saa mbili alikwenda kuzima taa za ufukweni, kama kawaida ya msimu. Meneja alimzuia, akamwambia wageni wamelipia ufukwe wenye mwanga, waziache mpaka wachoke. "Nikamwambia, wiki hii ni ya mayai kuanguliwa, Mama Kasa ameshatutangazia. Akasema, kwani hapa bosi ni nani, mimi au kobe? Walichoka saa tisa."

"Na hukusema?"

"Nilisema. Nilisema mara moja, mbele yake na mbele ya wakubwa waliokuja. Wakafungua karatasi yako, wakanisomea. Fundi hakuzima taa. Ningebisha nini? Kweli sikuzima." Aliteremsha suruali. "Chumba changu na chako ni hatua arobaini. Nimezihesabu. Ungekuja tu ukabisha hodi."

Mama Kasa alitaka kusema kwamba alikuwa na hasira, kwamba mikono yake ilinuka vile vitoto siku tatu. Lakini yote hayo yalikuwa kweli na hayakusaidia kitu.

Jioni ile alipanda kilimani akampigia meneja.

"Mama Kasa! Vipi, mmeshaoana?"

"Nataka kurekebisha taarifa yangu ya mwaka jana. Ile ya taa. Ulimzuia Fundi kuzima."

"Sikiliza mama, yaliyopita si ndwele."

"Kwako si ndwele. Aliyeugua ni mwingine."

"Wewe kazi yako ni kuhesabu mayai. Hesabu mayai." Simu ikakatika, na haikukatwa na mtandao.

Aliandika usiku kucha, akachana, akaandika tena. Karatasi ya mwisho ilikuwa fupi. Alieleza nani alitoa amri, saa ngapi taa zilizimwa, na kwamba yeye, mwandishi, aliandika bila kuuliza. Aliinakili mara mbili kwa mkono. Moja ya wamiliki wa hoteli, moja ya Fundi, moja yake. Asubuhi alimpa Fundi ya kwake. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

"Sikukuomba," alisema.

"Najua."

Siku mbili baadaye, saa nane mchana, ng'amba alirudi. Mama Kasa alikimbia karakana bila kujifikiria. "Njoo. Taratibu, usimtishe." Walilala kifudifudi nyuma ya kichaka. Ng'amba alichimba kwa mapezi ya nyuma, moja linachota, lingine linatupa, kwa uangalifu wa mtu anayechota unga kwenye mtungi mwembamba. Kisha mayai yakaanza kudondoka, meupe, mawili mawili, matatu matatu.

"Analia?" alinong'ona Fundi.

"Anatoa chumvi. Macho yake ndivyo yalivyo."

Fundi alitazama muda mrefu. "Miaka kumi na mmoja niko hapa. Ndiyo mara ya kwanza naona."

"Wacha wee! Ilikuwaje?"

"Wakati wageni wanaona, mimi nilikuwa nawawashia umeme."

Mama Kasa alikuwa amewaonyesha mamia ya watu jambo lile. Wengi walitazama kupitia simu zao. Huyu alikuwa ameweka kidevu juu ya mikono, mchanga umemjaa ndevuni, na hakufumba jicho mpaka ng'amba alipofukia kiota na kuondoka. Mama Kasa alichomeka vijiti vinne, Fundi akamshikia daftari. Jioni ile walikula meza moja, bila maneno mengi, na ulikuwa mlo mtamu kuliko yote ya mwezi ule.

Boti ya mahitaji ilifika siku tatu baadaye. Kwa kuwa gati halikuwepo, nahodha alitia nanga mbali kidogo na kuleta mizigo kwa mashua ndogo. Alileta mchele, mafuta ya jenereta, na bahasha moja ya Fundi. Fundi aliifungua mchangani. Mkataba wake haukuongezwa. Alitakiwa kuondoka na boti hiyohiyo, na mtambo utatunzwa na "mfanyakazi aliyepo." Tarehe ya barua ilikuwa ya wiki mbili nyuma, kabla ng'amba hajatumbukia, kabla hata Mama Kasa hajapiga simu.

"Bahari inabadilika," alisema nahodha. "Nina saa moja tu, mzee wangu."

Ile saa moja Fundi aliitumia karakana. Alimwonyesha Mama Kasa namna ya kuwasha jenereta, kupima mafuta, kubadili kutoka pampu moja kwenda nyingine. Alimrudishia kila hatua mara tatu, kwa sauti ileile kavu, na Mama Kasa aliitikia kila mara "ndiyo, Fundi," ingawa masikio yake hayakushika hata nusu. Nguo za Fundi zote ziliingia kwenye mfuko mmoja.

Kando ya mashua Mama Kasa alimpa nahodha karatasi yake ya wamiliki. Kisha akamgeukia Fundi.

"Nisamehe."

Fundi alihamisha mfuko kutoka bega hili kwenda lile. "Nikisema nimesamehe leo, nitakuwa nimesema uongo. Nipe muda."

"Muda wenyewe uko wapi, na unaondoka?"

"Ndiyo hivyo," alisema. Akaingia mashuani, akakaa ameipa bahari uso na kisiwa mgongo, kwa sababu goti lake halikumruhusu kugeuka.

Baada ya hapo kisiwa kilibaki na mtu mmoja. Mama Kasa aliwasha jenereta asubuhi na kuizima jioni. Ilipokuwa inanguruma alitamani inyamaze, ikinyamaza alitamani ingurume. Alisahau siku za wiki, akazijua kwa tarehe za viota tu. Sufuria hakuzibandika tena jikoni. Alikula mkate mkavu amesimama mlangoni, na chai ikiisha hakupika nyingine. Ubao ulikuwa bado na mwandiko wa Fundi, akaufuta siku moja kwa sababu ulimfanya asubiri kitu, kisha akajuta.

Boti iliyofuata ilileta barua ya mstari mmoja kutoka kwa wamiliki: taarifa yake imepokelewa na kuhifadhiwa. Nahodha ndiye aliyempa habari iliyobaki. Meneja amehamishiwa hoteli nyingine ya kampuni, kubwa kuliko hii. "Wanasema amepanda," alisema nahodha, akatema mate baharini. Mama Kasa aliikunja barua ikawa ndogo sana. Hakulia. Alimuuliza tu nahodha kama anaweza kukaa kidogo, apate chai. Nahodha alitazama mawingu, akasema siku nyingine, dada.

Siku tano baadaye alikuwa kilimani anakagua tangi, simu ikaita. Namba hakuijua. Alifungua mdomo, sauti haikutoka. Alikuwa hajasema neno tangu boti iondoke. Alikohoa, akajaribu tena.

"Halo?"

"Shikamoo mama. Mimi ni binti yake Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Fundi hajambo?"

"Hajambo. Goti tu." Binti alisitasita. "Yupo hapa, ila hataki kushika simu. Unamjua."

"Namjua." Nyuma ya sauti ya binti alisikia mtu akisafisha koo, kikohozi kile kikavu cha karakana.

"Anauliza, unakula?"

Mama Kasa alitazama chini, paa za hoteli, vyumba vyote vilivyofungwa, bahari iliyovizunguka. Mkononi alikuwa na kipande cha mkate mkavu.

"Mwambie nakula vizuri."

Alisikia binti akimwambia baba yake, kisha mnong'ono mrefu. Binti akarudi. "Anasema muongo mkubwa wewe."

Mama Kasa alicheka, machozi yakamtoka palepale, akayafuta kwa kiwiko. "Mwambie sawa. Mwambie leo nitapika."

"Haya mama. Kwaheri."

Aliteremka kilima taratibu, jua likiwa bado juu. Jikoni alichagua mawe kwenye mchele, akauosha maji matatu, akabandika sufuria. Alitoa sahani moja, akavuta kiti, akakaa mezani kusubiri chakula kiive.